Biashara na Dhalimu

Je, yafaa nchi yenye kuchagua viongozi wake kwa kura inunue mali ya mtawala anayewaua raia zake? Majirani zetu sisi wa Geita wametuachia mafunzo mawili.

Mwaka 1978 Marekani ilipiga marufuku kahawa ya Uganda. Kahawa ndiyo iliyompa Idi Amin karibu fedha zake zote za kigeni, akawatunza kwazo askari wake. Mkulima aliambulia kidogo. Aliyemwondoa Aprili 1979 ni jeshi la Tanzania, si sheria ile. Lakini ilimpunguzia nguvu. Wala Uislamu wake haukuigeuza dhuluma kuwa haki, kwani tumeamrishwa uadilifu hata juu ya nafsi zetu.

Mwaka 2010 Marekani ikayataka makampuni yaeleze kama madini yao, dhahabu ikiwamo, yametoka Kongo au kwa jirani zake, na kama yamewanufaisha wenye silaha. Wanunuzi wengi wakaona heri kuiepuka Kongo ya mashariki kabisa. Mchimbaji mdogo asiye na bunduki akakosa chakula. Mchimbaji wa Geita, auzaye chembe za dhahabu apate unga, anaelewa uchungu huo.

Basi kabla ya kuifunga biashara, tuulize: fedha yake yamfikia nani? Ikimshibisha dhalimu, na ifungwe. Ikimlisha mnyonge, kuifunga ni kumdhulumu mara ya pili.