Njia, Awamu au Fezi?

Mwombaji wa umeme nchini Tanzania huulizwa kama ahitaji umeme wa njia moja au wa njia tatu. Maneno haya ni mepesi kwa mteja. Lakini kwa mwenye mashine ya kukoboa mpunga huko Kibiti au katika delta ya Rufiji, ambako laini iliyofika kijijini yaweza kuwa ya njia moja tu, neno "njia" laweza kumgharimu mota nzima. Msikilizaji hudhani kuwa njia ni waya. Basi huona ya kuwa akiugawa waya mmoja wa moto mara tatu, amekwisha pata njia tatu.

Hakika si hivyo. Na tutazame kinu. Watwangaji watatu wakisimama penye kinu kimoja, michi yao haishuki pamoja, hupokezana. Umeme huu nao hurudia mzunguko wake mara 50 kwa sekunde, na kila waya hufikia kilele chake theluthi ya mzunguko baada ya mwenziwe. Kupokezana huko ndiko kunakoifanya nguvu ya sumaku ndani ya mota izunguke na kuiburuta rota. Waya mmoja uliogawanywa mara tatu ni michi mitatu inayoshuka kwa pigo moja: mota haizunguki, na koili zake zaweza kupata joto na kuungua.

Kinachohesabiwa, basi, si waya bali zamu. Wako wanaopendelea "awamu". Sisi hatuliafiki, kwani awamu hufuatana, ya kwanza ikaisha ndipo ya pili ianze, ilhali hizi tatu ziko kazini pamoja. Tena masikioni mwa Watanzania neno hilo limekwisha chukuliwa na vipindi vya urais. Mafundi husema "fezi", na neno hilo halina maana nyingine ya kulichanganya. Na lisanifiwe.

Mitambo 9 ya Bwawa la Julius Nyerere, juu ya mto huohuo wa Rufiji, kila mmoja wenye megawati 235, huzalisha fezi tatu. Matawi ya vijijini aghalabu hujengwa kwa waya wachache ili kupunguza gharama, na huko ndiko fezi hupungua. Kifaa cha kuzirudisha tungependa kiitwe "kiongezafezi", wala si "kigeuzafezi", kwa kuwa hakigeuzi iliyopo bali huleta zilizokosekana. Kiko cha kapasita, ambacho husogeza wakati wa mkondo katika koili moja; mota huanza, lakini isibebeshwe zaidi ya theluthi mbili hivi za nguvu zake. Kiko ambacho chenyewe ni mota ya fezi tatu, izungukayo bila mzigo na kuizalishia mwenzake fezi iliyokosekana. Na kiko cha kielektroniki, ambacho huufanya umeme kuwa mkondo mnyoofu, kisha huunda fezi tatu upya.

Hicho cha mwisho, kikilishwa volti 230, kwa kawaida hutoa fezi tatu za volti 230, wala si 400. Kwa hiyo kibati cha mota hapana budi kiwe kimeandikwa 230/400, na koili ziondolewe katika muungo wa nyota ziwekwe katika ule uitwao na mafundi "delta". Mota ya 400/690 haifai. Neno hilo la fundi na lile la mdomo wa Rufiji ni moja, herufi ya Kigiriki yenye umbo la pembetatu. Lakini kwa mkazi wa deltani ni mahali anapoishi, hivyo twapendekeza "muungo wa pembetatu".

Kwa mota ya kilowati 2.2 hayo yote yawezekana. Ya kilowati 15 ingevuta zaidi ya ampea 65 katika waya mmoja, hata kabla ya kuhesabu upotevu, na laini ya nyumbani haikukusudiwa mzigo huo. Mwenye mashine kama hiyo aombe laini ya fezi tatu, au abaki na injini ya dizeli. Katika fomu ya maombi twashauri iandikwe "fezi", na chini yake mwombaji aulizwe kibati cha mota yake chasemaje.