Likizo ya Skii Ufaransa: Soma Hii Kabla Hujatuma Arubuni

Mkenya akisikia neno skii, anafikiria vitu viwili: matajiri wa kwenye sinema, na Philip Boit.

Wale matajiri tuwaache. Boit alikuwa mkimbiaji wa mita 800 kutoka upande wa Eldoret. Mwaka 1998 alisimama kwenye theluji ya Nagano, Japani, akashiriki mbio za kilomita 10 kwenye Olimpiki ya msimu wa baridi. Alimaliza wa mwisho, nambari 92. Mshindi, Bjørn Dæhlie wa Norway, alikuwa amemaliza zamani, lakini alimngoja kwenye mstari ili amkumbatie. Boit akaja kumpa mwanawe jina la Dæhlie. Hadithi tamu. Ila kuna kitu ambacho wengi hawakishiki: mchezo wa Boit si ule wa kushuka mlima kwa kasi ya kutisha. Ni mbio za nyika, lakini kwenye theluji. Unateleza tambarare, unapanda kilima kwa nguvu zako, unashuka polepole. Kisigino hakifungwi kwenye skii, ni ncha ya kiatu tu. Wafaransa wanaita ski de fond, na kwao ni mchezo wa familia za kawaida, babu na wajukuu, wenye mfuko wa kawaida.

Nimeanza kuuelewa kwa sababu ya binamu yangu anayeishi Lyon na mume wake na watoto wawili. Februari iliyopita aliamua kumwalika mama yake, yaani shangazi yangu, aje aone theluji. Ndugu wote walichanga kwa simu, kila mwisho wa mwezi, kwa karibu mwaka mzima. Kwa hiyo hizi hazikuwa pesa za mchezo. Zilikuwa pesa za watu saba, na mmoja wao ni bodaboda.

Ni wapi, na inagharimu nini

Walichagua Jura, safu ya milima mashariki mwa Ufaransa, mpakani na Uswisi. Ukweli usemwe, Jura si mirefu. Kilele chake cha juu zaidi, Crêt de la Neige, kina mita 1,720 hivi. Eldoret iko juu zaidi ya hapo! Lakini baridi ya huko ni ya kufa mtu. Kijiji kimoja kiitwacho Mouthe kimepewa jina la utani "Siberia ndogo". Kijiji hicho ndicho mwisho wa La Transjurassienne, mbio za masafa marefu za skii zilizoanza 1979.

Njia za skii huko hazijitengenezi. Usiku mashine hupita zikisawazisha theluji na kuchora mifereji miwili iliyonyooka, ambayo skii zako zinaingia kama reli. Ili kulipia kazi hiyo, sheria ya milima ya mwaka 1985 iliruhusu serikali za vijiji kutoza ada ya kutumia njia. Hiyo ndiyo tiketi utakayonunua. Kwa mtu mzima mara nyingi ni chini ya euro 15 kwa siku. Linganisha na vituo vikubwa vya kushuka mlima kwenye Alps, ambako tiketi ya siku inapita euro 60. Kukodi skii, viatu na fimbo mara nyingi ni kati ya euro 10 na 20 kwa siku. Euro moja ni kama shilingi 150 hivi, inapanda na kushuka, kwa hiyo piga hesabu yako ukiacha nafasi kidogo.

Gharama inayouma ni nyumba. Shule za Ufaransa zimegawanywa katika kanda tatu, A, B na C, na kila kanda inafunga kwa wiki zake kati ya Februari na Machi. Lyon iko kanda A, Paris iko C. Wiki ambazo kanda hizi zinagongana, bei hupanda, na nyumba nyingi zinapangishwa Jumamosi hadi Jumamosi tu. Kama huna mtoto wa shule, nenda Januari. Utalipa kidogo na njia utakuwa nazo karibu peke yako.

Ile nyumba ya bei nusu

Hapa ndipo pesa za watu saba zilipokaribia kuyeyuka.

Binamu yangu aliona nyumba karibu na Les Rousses: vyumba vitatu, jiko la kuni, picha safi, wiki ya likizo ya shule, kwa karibu nusu ya bei ya nyumba zingine. Mwenye nyumba alijibu haraka na kwa adabu. Kisha akasema: tutoke kwenye tovuti ili usikatwe ada, nitumie wiki nzima kwa benki leo, kuna familia tatu zingine zinaingoja.

Ukisoma hapa umeshajua ni tapeli. Lakini mtu akiwa amechoka kutafuta, mama amepata visa na tiketi ya ndege imelipwa, ile "leo" inafanya kazi yake. Aliingiza nambari ya akaunti, na programu ya benki yake ikamwonyesha onyo: jina uliloandika halilingani na jina la mwenye akaunti. Akasimama. Akampigia "mwenye nyumba" simu. Haikushikwa. Siku mbili baadaye tangazo lilikuwa limetoweka.

Tangu tarehe 9 Oktoba 2025, benki za nchi zinazotumia euro zinatakiwa kulinganisha jina na nambari ya akaunti kabla ya mteja kuidhinisha uhamisho. Sisi Wakenya tumezoea kitu kama hicho kwenye simu kwa miaka mingi: jina la mpokeaji linatokea kabla hujamaliza. Na bado, jameni, wangapi tunabonyeza PIN bila kulisoma? Tunaona malalamiko kila wiki ya mtu aliyetuma kwa "mwenye shamba" na jina lilikuwa tofauti kabisa, akaambiwa "hiyo ni ya bibi yangu". Pengine ni kweli. Lakini mwambie akutumie nambari yenye jina lake, uone atasema nini.

Ukiwa ni wewe unayetuma kutoka Kenya kumsaidia ndugu kulipia nyumba ya huko, usimtumie mwenye nyumba usiyemjua moja kwa moja. Mtumie ndugu yako, yeye alipe kupitia tovuti iliyo na nyumba hiyo, ambako pesa zina mahali pa kudaiwa. Ukisikia "tutoke kwenye tovuti", mazungumzo yameisha.

Arrhes si sawa na acompte

Hili ndilo somo ambalo ningependa ulisome polepole. Mkataba wa nyumba Ufaransa huomba malipo ya awali, na neno lililotumika linabadilisha kila kitu.

Likiandikwa *arrhes*, wewe unaweza kujiondoa, utapoteza hizo pesa tu. Na mwenye nyumba akijiondoa, anatakiwa kukurudishia mara mbili. Likiandikwa *acompte*, umefungwa: ukighairi, unaweza kudaiwa hata kiasi kilichobaki. Mkataba ukinyamaza, sheria yao ya walaji inachukulia kwamba ulicholipa ni arrhes.

Kitu kilichonifurahisha ni kwamba neno arrhes lina asili moja na neno letu arubuni. Wafaransa walilipata kupitia Kilatini na Kigiriki, sisi kupitia Kiarabu, na mzizi ni ule ule wa lugha za Kisemiti. Wafanyabiashara wa zamani walijua wanachofanya.

Usidanganyike pia na ile haki ya siku 14 ya kubadili mawazo ambayo Ulaya inawapa wanaonunua mtandaoni. Haihusu malazi ya tarehe maalum. Halafu kuna *caution*, ambayo ni dhamana ya uharibifu na inapaswa kurudi ukiondoka bila kuvunja kitu. Piga picha za nyumba siku ya kuingia, kila chumba, hata sahani zenye ufa. Na kuna kodi ndogo ya mgeni kwa kila usiku, ambayo watoto chini ya miaka 18 hawalipi. Kama hesabu yako imezidi kwa euro chache, mara nyingi ni hiyo.

Swali lingine la kuuliza kabla ya kulipa: theluji isipokuja je? Hili si swali la mzaha. La Transjurassienne yenyewe imewahi kufutwa zaidi ya mara moja kwa kukosa theluji. Kituo cha Métabief, hapo hapo Jura, kimeshaanza kujipanga kwa siku ambayo skii ya kushuka mlima itakwisha kwao. Mwenye nyumba halazimiki kukurudishia kwa sababu nyasi zinaonekana, labda mkataba useme hivyo. Kuna bima zinazolipa, lakini soma masharti. Tiketi za njia, nunua za siku moja moja kama hali ya hewa inayumba, hata kama ya wiki ina punguzo.

Simu, kadi na baridi

Shangazi alisafiri na kadi ya benki ya Kenya na laini yake ya kawaida. Binamu yangu alimpigia wiki moja kabla: "Mama, soksi nzito zitapatikana huku. Wewe washa roaming tu." Mama akamjibu kwamba hataki kuongea na mtu akiwa likizo. Lakini si ya kuongea. Ukilipa mtandaoni kwa kadi, nambari ya uthibitisho inakuja kwa SMS kwenye ile laini ya Kenya. Laini ikiwa imezimwa, kadi ni plastiki. Uliza mtandao wako gharama zake kabla ya kufika uwanja wa ndege, na usiisome nambari hiyo kwa mtu yeyote anayekupigia, hata akijua majina yako matatu.

Les Rousses iko mpakani kabisa. Kwenye kitongoji cha La Cure kuna hoteli ambayo mpaka unaipitia katikati, mguu mmoja Ufaransa, mwingine Uswisi. Inapendeza kwa picha, lakini simu yako itashika minara ya Uswisi bila kukuuliza, na Uswisi haimo kwenye mpango wa Umoja wa Ulaya wa kutumia simu kwa bei ya nyumbani. Zima data ukiwa njiani, au chagua mtandao wa Ufaransa wewe mwenyewe kwenye mipangilio.

Dukani, mashine ya kadi inaweza kukuuliza: ulipe kwa euro au kwa shilingi? Shilingi inaonekana rafiki kwa sababu unaielewa. Chagua euro. Ukichagua shilingi, kiwango cha kubadilisha kinapangwa na upande wa ile mashine, na kwa kawaida ni kibaya kuliko cha benki yako. Kugusa kwa kadi bila PIN kuna kikomo cha euro 50 kwa malipo. Na ukikodi gari, kampuni itazuia kiasi kwenye kadi kama dhamana. Pesa hazijaenda, lakini huwezi kuzitumia, kwa hiyo usipange kununua chakula cha wiki kwa salio hilo hilo. Uliza pia matairi: kuanzia 1 Novemba hadi 31 Machi, maeneo mengi ya milimani yanataka matairi ya baridi au minyororo.

Simu yenyewe iweke mfuko wa ndani, karibu na mwili. Baridi inadhoofisha betri, na iliyokuwa asilimia 40 inaweza kuzimika ghafla. Beba euro chache taslimu.

Kitu kimoja usikibanie: bima. Visa ya Schengen tayari inataka bima ya matibabu ya angalau euro 30,000, na ada ya visa yenyewe ni euro 90 kwa mtu mzima. Lakini angalia kama bima hiyo inataja skii na uokoaji. Sheria ile ile ya 1985 iliruhusu vijiji kukutoza gharama za kukutoa kwenye njia ukivunjika mguu, hata kwa skii hii ya taratibu. Mahali pa kununulia tiketi mara nyingi wanauza bima ya siku kwa euro chache. Ukipata shida, nambari ni 112.

Mume wa binamu yangu alilipia sehemu ya nyumba kwa *chèques-vacances*, vocha za likizo ambazo waajiri wa Ufaransa wamekuwa wakiwasaidia wafanyakazi kuzipata tangu 1982. Zamani ni karatasi, sasa ziko pia kwenye simu. Ndugu yako anayefanya kazi huko muulize kama anazo. Wengine wanazo kwenye droo na wamesahau.

Shangazi alianza kwenye njia ya kijani, ile rahisi, na skii zenye magamba chini ili zisirudi nyuma kwenye kilima. Mjukuu wa miaka tisa ndiye alikuwa mwalimu. Siku ya kwanza alianguka hadi akaacha kuhesabu. Siku ya nne alimaliza kilomita tano na akataka kujua kwa nini jibini ya Comté inauzwa ghali hivyo ilhali ng'ombe wako pale pale. Dhamana ya euro 300 ilirudi kamili wiki iliyofuata, binamu akaigawa, na kila mchangaji akapata sehemu yake kwa simu, bodaboda akiwa wa kwanza.