Exetat: Kiingereza kinachowaangusha wanafunzi wa Minova, Kiswahili chaweza kuwasaidia

Mtihani wa serikali unapokaribia, wanafunzi wa kumaliza sekondari huko Minova, wilayani Kalehe, hushika vile vitabu vya fotokopi vyenye maswali ya miaka iliyopita. Hesabu hupewa usiku mzima, Kifaransa hupata saa zake. Kiingereza hubaki cha mwisho, na wako wanaokiacha kabisa wakisema watabahatisha.

Hapo wanajiumiza. Siku ya lugha, Kifaransa na Kiingereza hufanywa pamoja, na kila jibu linaingia katika ile asilimia 50 inayotakiwa. Bila hiyo hakuna diploma ya serikali, na bila diploma hakuna chuo kikuu. Aliyekosa pointi chache tu hurudia mwaka, na mzazi hutafuta tena pesa za mtihani.

Minova pia haijapata miaka mirahisi. Mwanzoni mwa 2024 watu waliokimbia vita Masisi na Sake walijaa hapa, na madarasa kadhaa yakageuka makao yao. Tarehe 21 Januari 2025 mji ukaingia mikononi mwa M23. Masomo yaliyokatika namna hiyo hayarudi yenyewe, na mwanafunzi wengi wao hujifunzia nyumbani, kwa taa ya sola au tochi ya simu.

Sasa tuone kosa lenyewe linatoka wapi. Shuleni tunafundishwa Kiingereza kwa njia ya Kifaransa. Mwalimu anaandika “il est venu”, mwanafunzi anatafuta Kiingereza chake. Lakini Kifaransa hicho kinabeba mambo mawili kwa pamoja: alikuja, na amekuja. Kiingereza kinayatenga, kama Kiswahili kinavyoyatenga. “Alikuja jana” ni “he came yesterday”. “Amekwisha kuja” ni “he has already come”. “Hajaja bado” ni “he has not come yet”. Chukua swali la namna hii: “Furaha ... to Goma yesterday”, na chini yake “has gone”, “went”, “goes”. Anayefikiri kwa Kifaransa atavutwa na “has gone”. Anayejiuliza kwa Kiswahili atasikia “alienda jana”, na atachagua “went” bila kusumbuka.

Ni ajabu kidogo kwamba lugha tunayoongea sokoni na kwenye boti za ziwa inaachwa mlangoni mwa darasa, wakati ingeweza kufanya kazi hiyo.

Hata hivyo, tusiiamini kila mahali. Kwenye masharti Kiswahili kinadanganya. Tunasema “ningekuwa na pesa, ningenunua simu”, -nge- pande zote mbili, na mwanafunzi anaweka “would” pande zote mbili. Kiingereza kinataka “if I had money, I would buy a phone”: “would” haikai upande wa “if”. Hapo Kifaransa ndicho rafiki, kwa sababu “si j'avais” kimejengwa vilevile.

Kuna pia mahali ambapo lugha zote mbili zinatuacha. “Mama yake” haisemi kama ni mama wa mvulana au wa msichana. “Sa mère” nayo haisemi, maana “sa” inafuata mama, haimfuati mtoto. Kiingereza kinamfuata mwenye mali: mama wa Jean ni “his mother”, mama wa Furaha ni “her mother”. Uliza tu: ni wa nani?

Vivyo hivyo kwa muda. Anayesema “naishi Minova tangu miaka miwili” huandika “I live in Minova since two years”. Sahihi ni “I have lived in Minova for two years”. “For” hupima urefu wa muda. “Since” hutaja mwanzo wake, kama “since 2023”.

Kwa hiyo vile vitabu vya fotokopi vina faida, lakini kuna namna ya kuvitumia. Kukariri kwamba jibu la swali fulani lilikuwa namba 3 ni kupoteza mafuta, kwa kuwa swali litabadilika. Heri maswali kumi kwa usiku, na kwa kila moja useme kwa sauti, mbele ya mwenzako, kwa nini manne mengine hayafai. Na kwa lile andiko la kusoma, anza na maswali yake, ndipo ulisome: utajua unachotafuta.

Wanaouza “majibu” kwa WhatsApp usiku wa kuamkia mtihani, waacheni na biashara yao. Maswali hutolewa kwa seria tofauti, na jirani yako wa benchi huenda hana karatasi kama yako.

Kiingereza hakiishii kwenye diploma pia. Kongo iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, Rwanda ilihamia Kiingereza shuleni tangu 2008, na watoto wetu waliokimbilia Uganda wanakikuta darasani siku ya kwanza. Anayetaka kukifundisha, ISP Bukavu ina idara ya Kiingereza. Lakini mlango wake nao unafunguliwa kwa diploma ileile.