Je, Wajua? Insha Iliyopata C Ilibadili Katiba ya Marekani

Mwaka 1982, Gregory Watson, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Texas mjini Austin, aliingia maktaba kutafuta mada ya insha. Akakutana na pendekezo la mbunge James Madison la mwaka 1789 la kurekebisha Katiba: sheria ya kubadili mishahara ya wabunge isianze kutumika mpaka uchaguzi wa Baraza la Wawakilishi upite kwanza. Lilikuwa limelala karibu miaka 200, ila halikuwekewa kikomo cha muda wa kuridhiwa na majimbo. Kwa hiyo, aliandika Watson, bado li hai. Akapewa C.

Hakunyamaza. Kwa fedha zake mwenyewe alianza kuwaandikia barua wabunge wa majimbo, mmoja baada ya mwingine. Maine ikaridhia 1983, Colorado 1984, mengine yakafuata. Katiba inadai robo tatu ya majimbo, yaani 38 kati ya 50, na Mei 1992 idadi hiyo ilitimia. Ndiyo Marekebisho ya 27. Raia wa kawaida, asiye mbunge wala mwanasheria, bahasha na stempu kwa miaka kumi!

Mwaka 2017 chuo kilimbadilishia alama: A.