Siti za ngozi zimechakaa? Usikimbilie kushona upya

Magari mengi ya mtumba kutoka Japani yanapotoka bandarini yana siti za ngozi zilizokwisha kukaliwa miaka mingi, na ya dereva ndiyo inayosema ukweli. Ule ukingo wa mlangoni, unaosuguliwa na suruali kila mtu akipanda na kushuka, umepauka, una mikunjo, na pengine umeanza kupasuka. Fundi wa kwanza kuuona atakwambia: "Hizi tuvue zote, tushone upya."

Usimpe hela siku hiyo. Hapo kuna kazi tatu zenye bei zilizoachana mbali: kusafisha, kurudishia rangi palipochakaa, na kushona upya. Watu wengi hulipia ya tatu wakati walichohitaji ni ya kwanza, au ya kwanza na kidogo cha ya pili.

Siti nyingi za gari zinazoitwa za ngozi zimepakwa rangi kwa juu, kama ukuta uliopakwa juu ya plasta, kisha rangi ikafunikwa kwa utando mwembamba usio na rangi. Unachokigusa unapokaa ni utando huo. Ukiulinda, rangi inadumu. Ukiukwangua kwa dawa kali, kila unaposafisha unaifuta rangi yenyewe, na hapo umejitengenezea gharama ambayo hukuwa nayo.

Kabla ya kununua chochote, chukua kitambaa cheupe, kiloweshe kidogo, usugue taratibu nyuma ya siti mahali pasipoonekana. Kitambaa kikitoka na weusi wa jasho na vumbi, huo ni uchafu, endelea. Kikitoka na rangi ya siti yenyewe, acha: utando umekwisha, na kuendelea kusugua ni kumaliza kilichobaki. Kisha dondosha tone la maji. Likikaa juu bila kuzama, ngozi yako imefunikwa na inavumilia kuoshwa. Likizama na kuacha doa jeusi, umepata ngozi isiyofunikwa, au iliyochakaa hadi ndani, na hiyo inataka kitambaa kikavu na mtu anayeijua.

Kusafisha ndiyo kazi rahisi kuliko zote. Dawa maalumu ya ngozi inapatikana kwenye maduka ya vipuri Kariakoo na Ilala, na kwa wasomaji wa Nairobi, Barabara ya Kirinyaga. Nunua chupa ndogo, kwa sababu siti tano hazili dawa nyingi. Ukiikosa au mfuko haujakaa sawa, matone machache ya shampuu laini ya watoto kwenye maji ya uvuguvugu yanatosha kwa uchafu wa kawaida. Usitumie sabuni ya kipande ya kufulia. Ina ukali wa magadi, na ngozi haipendi magadi.

Fyonza vumbi kwanza, hasa kwenye mishono, maana mchanga ukichanganyika na maji unakuwa msasa. Weka povu kwenye brashi laini, usilimwage kwenye siti. Sugua eneo la ukubwa wa kiganja, futa na kitambaa kilichokamuliwa, hamia lingine. Siti zenye vitobo vidogo usizimwagie maji hata kidogo, yanazama kwenye sponji na harufu haitoki kwa urahisi. Milango wazi, kivulini, mpaka zikauke. Kazi ya asubuhi moja.

Ukipeleka karwoshi, bei ya kuoshwa ndani mara nyingi haihesabu siti za ngozi, nazo hudaiwa kando gari likiwa tayari limelowa. Uliza kabla. Uliza pia wanatumia nini, na ombi lako liwe la wazi: ile dawa ya ndoo inayosugulia tairi na dashibodi isiguse siti. Kijana wa karwoshi hana ubaya wowote, ila anapimwa kwa jinsi gari linavyong'aa linapotoka, na kinachong'arisha haraka ndicho kinachokula rangi.

Vinavyoharibu rangi vinajulikana na vingi viko nyumbani: thina, petroli, dawa ya kuondolea rangi ya kucha, dawa ya kung'arishia nguo nyeupe, spiriti. Vitakasa mikono vina spiriti nyingi, na dereva anayejipaka kisha akashika ukingo wa siti kila siku anaumaliza bila kujua. Zile sponji nyeupe zinazouzwa kama za miujiza ni msasa laini sana. Zinatoa doa kwa kukwangua. Doa la kalamu ya wino likishazama, dawa itakayolitoa itatoa na rangi. Afadhali uliache mpaka siku ya kupaka.

Na mafuta ya kung'arisha. Hapa ndipo pesa nyingi inapotupwa. Mafuta ya nazi, mafuta ya mgando, na zile spreyi zinazoacha siti ikiteleza haziingii ndani ya ngozi iliyofunikwa. Zinakaa juu, zinanasa vumbi, zinachafua nguo. Mbaya zaidi, zile zenye silikoni zinaacha utando ambao rangi mpya haishiki, hivyo siku ukihitaji kupaka fundi atakutoza kazi ya kuuondoa kwanza, au hatauondoa, na rangi itabanduka. Kipi kinafaa kulipiwa badala yake? Pazia la kioo cha mbele. Jua la mchana ndilo linalopausha na kukausha siti, na pazia linauzwa hata kwenye foleni.

Ikiwa rangi imetoka kweli, lakini ngozi bado ni nzima au ina nyufa za juujuu tu, lipia kurudishiwa rangi kwa ile sehemu peke yake. Fundi mzuri husafisha mafuta yote, hulainisha kwa msasa mwembamba, hujaza nyufa kwa dawa inayonyumbuka, hupaka rangi ya maji ya ngozi kwa tabaka nyembamba kadhaa, kisha humalizia kwa utando wa kulinda. Akitoa kopo la spreyi ya bodi, dawa ya viatu au gundi ile inayokauka papo hapo, chukua gari lako. Spreyi ya bodi itapasuka ukikaa, dawa ya viatu itahamia kwenye suruali, na gundi inakuwa ngumu kama jiwe hadi ngozi inachanika pembeni yake.

Taabu ya kazi hii ni kulinganisha rangi. Kwenye bamba la Toyota, ndani ya boneti au kwenye nguzo ya mlango, kuna mstari wa C/TR: namba ya kwanza ni rangi ya bodi, ya pili ni ya ndani. Inasaidia, ila ni rangi ya siti ilipokuwa mpya, na yako imeshapauka. Njia ya uhakika ni kuchomoa kile kichwa cha siti na kwenda nacho dukani mkononi. Rangi ichanganywe mbele yako, ipakwe upande wa chini wa kichwa hicho, ikauke, ndipo uitazame juani. Huhitaji kuchoma mafuta kupeleka gari zima kwa ajili ya kuulizia.

Kushona upya kunastahili pale tu ngozi imechanika, mishono imeachia, au imekakamaa kiasi kwamba ukiikunja inatoa sauti. Hapo pia anza na kipande. Fundi anaweza kubadilisha ukingo mmoja wa siti ya dereva na kuacha sehemu nyingine zote.

Ukiamua zote, bei unayotajiwa si bei utakayolipa. Chukua mfano, tarakimu ni za kuonyesha hesabu tu: umeambiwa 350,000 kwa siti tano. Ongeza sponji iliyobonyea, 40,000. Vitambaa vya milango ili rangi zisipishane, 60,000. Kuvua na kurudisha siti, 30,000. Nauli zako siku gari likiwa kwa fundi, 40,000. Umefika 520,000. Kila kimoja kati ya hivyo uliza kabla ya kutoa malipo ya awali, na kiandikwe kwenye risiti.

Ngozi halisi huuzwa kwa futi ya mraba, na yenye makovu hupotea vipande vingi ambavyo utavilipia wewe. Ile ya viatu na mikoba haikutengenezwa kwa jua la ndani ya gari. Ngozi bandia huuzwa kwa mita, inapatikana kila mahali na ni rahisi zaidi, lakini za bei ya chini sana hubanduka kama maganda kwenye joto na unyevu wa pwani. Igeuze: ikiwa mgongo wake ni kitambaa kizito kilichofumwa, na ukiivuta inarudi, hiyo nunua. Ikiwa mgongo ni mwembamba kama karatasi, iache hata kama umebembelezwa.

Jambo moja halina mjadala. Kama ubavuni mwa siti kuna kilebo cha AIRBAG, mfuko wa hewa umo ndani na hutokea kwa kupasua mshono wa pale. Fundi asiyejua mishono hiyo asiguse siti za mbele, na kava za kuvisha zinazofunika ubavu wote usinunue, hata kama ni rahisi kuliko vyote nilivyotaja. Siti za mtumba kutoka gari lingine zina shida ya nyaya za mfuko huo, pamoja na matundu ya bolti yasiyolingana, kwa hiyo ziwe za modeli ileile au usizichukue.

Kwa anayeendesha teksi, gharama kubwa ni siku gari linapolala. Kushona siti zote kunaweza kula siku kadhaa, kupaka ukingo mmoja kunamalizika ndani ya siku. Peleka siku yako ya mapumziko. Siti ilale bila kukaliwa usiku mzima, usiipitishie sabuni kwa wiki moja, na wiki hiyo usikae na jinzi mpya, maana rangi yake ya buluu huhamia kwenye siti ya rangi nyepesi.