Tusiidharau Surua



Mwezi wa Septemba 1970, mtoto mvulana wa miezi 9 alipelekwa katika hospitali ya Basankusu, katika jimbo la Équateur, akitoka kijiji cha Bokenda. Mwili wake ulikuwa umejaa malengelenge. Waganga waliingiwa na hofu, maana walidhani kwamba ni ndui, na ndui ilikuwa imekwisha kutoweka katika upande ule. Vipimo vikapelekwa mpaka Moscow. Jibu lililorudi lilikuwa la ajabu: haikuwa ndui, bali ugonjwa wa wanyama ambao ulikuwa haujatambuliwa kamwe katika mwili wa binadamu. Ndio ule unaoitwa leo mpox. Chanjo ya ndui iliwakinga watu na ugonjwa huo pia, lakini katika jamaa yake mtoto yule peke yake ndiye aliyekuwa hajachanjwa. Tangu siku ile, vitabu vya waganga wa dunia nzima humtaja.

Lakini wachache wajua mwisho wake. Mtoto yule aliupona ugonjwa ule mpya. Malengelenge yalikauka, na mama yake alingoja tu siku ya kurudi naye nyumbani. Siku chache kabla ya safari hiyo, akashikwa na surua, akafa.

Tumeanza na habari hii kwa makusudi. Ugonjwa mgeni uliwashtua waganga wa mataifa, lakini aliyemwua mtoto ni ugonjwa ule ambao kila bibi kijijini aujua kwa jina. Wahenga walisema kweli: kikulacho ki nguoni mwako.

Hofu iliyokosa njia

Je, sisi wenyewe tumejifunza? Tukumbuke miaka michache iliyopita. Tarehe 1 Agosti 2018, ugonjwa wa Ebola ulitangazwa katika Kivu ya Kaskazini, ukaingia na Ituri, wala haukutangazwa kwisha mpaka tarehe 25 Juni 2020. Watu zaidi ya 2,200 walikufa. Ndoo za maji ziliwekwa kwenye milango ya makanisa na ya shule, tukaacha kupeana mikono, tukawazika wapenzi wetu bila kuwagusa. Ilikuwa lazima, na hatujutii.

Lakini katika muda ule ule surua ilikuwa ikipita nyumba kwa nyumba katika majimbo yote ya nchi. Mwezi wa Juni 2019 serikali ilitangaza kwamba ugonjwa umeenea. Tangu mwanzo wa mwaka ule hata siku za kwanza za Januari 2020, Shirika la Afya Duniani lilihesabu watu karibu 310,000 waliodhaniwa kuwa na surua, na waliokufa zaidi ya 6,000. Wengi wao walikuwa watoto wasiotimiza miaka 5. Basi surua iliua watu zaidi ya mara mbili ya wale waliouawa na Ebola. Nani aliweka ndoo mlangoni kwa ajili yake? Mama wengi walisema tu: "Ni surua, kila mtoto hupita humo." Na makaburi madogo yakaongezeka.

Jinsi surua inavyoua

Surua huletwa na kijidudu kidogo sana ambacho wataalamu hukiita virusi. Hupita hewani, kwa kikohozi na chafya. Mgonjwa mmoja aweza kuwaambukiza watu 12 hata 18 wasio na kinga, na akiisha kutoka chumbani, hewa ya chumba kile hubaki na hatari muda wa saa 2. Tena huambukiza tangu siku 4 kabla ya vipele kuonekana. Kwa hiyo mama asiseme, "Nitamtenga mtoto wangu nikiona jirani ameugua." Atakapoviona vipele, amechelewa.

Kwanza mtoto ana homa kali, mafua, kikohozi na macho mekundu. Kisha vipele hutokea usoni na nyuma ya masikio, vikashuka mwilini. Si vipele vinavyoua. Huua kichomi kinachoingia mapafuni, na kuhara kunakomaliza maji ya mwili. Na mara nyingine ubongo hupatwa. Mtoto aliyekwisha kudhoofika kwa njaa au kwa bwaki ndiye wa kwanza kushindwa. Wengine hupona, lakini hubaki vipofu au viziwi.

Tena liko jambo ambalo wazee wetu waliliona bila kulijua sababu yake: mtoto hupona surua, na baada ya majuma au miezi hufa kwa ugonjwa mwingine. Mwaka 2019 wataalamu walionyesha kwamba surua hufuta sehemu ya kumbukumbu ya damu, yaani ile nguvu ambayo mwili umejipatia kwa kupigana na magonjwa ya zamani. Mtoto hubaki kama askari aliyenyang'anywa silaha zake. Hapo ndipo jamaa huanza kumtafuta mchawi, wakamshtaki shangazi au jirani, na chuki huingia katika ukoo. Kumbe mwuaji alikwisha kupita.

Mtoto akiugua

Dawa ya kuua virusi vya surua haipo. Lakini mtoto asiachwe. Apelekwe upesi kwenye kituo cha afya. Huko atapewa vitamini A siku mbili mfululizo, ambayo hupunguza vifo na kulinda macho. Na kichomi kikiingia, kitatibiwa. Nyumbani apewe maji mara kwa mara, uji, na ziwa la mama ikiwa bado ananyonya. Wako wanaomnyima mgonjwa wa surua maji na chakula, au kumtia maji ya majani machoni. Desturi hizo twaziomba jamaa zote za kikristu kuziacha. Ya kwanza humdhoofisha mtoto, na ya pili yaweza kumpofusha.

Kinga ipo

Mwaka 1954, katika mji wa Boston huko Marekani, mganga John Enders na msaidizi wake Thomas Peebles walifaulu kutoa kijidudu cha surua katika damu ya mtoto wa shule aliyekuwa mgonjwa. Walikilea miaka mingi, mpaka kikapoteza ukali wake. Mwaka 1963 chanjo ilikuwa tayari. Ndiyo maana ya chanjo hii: mwili huonyeshwa adui aliyedhoofishwa, hujifunza sura yake, na adui wa kweli akija hukuta mlango umefungwa.

Katika Kongo yetu, mtoto huchanjwa surua anapotimiza miezi 9, umri ule ule wa mtoto wa Bokenda. Siku hiyo hiyo huchanjwa na homa ya manjano. Katika watoto 100 wanaochanjwa surua wakiwa na umri huo, karibu 85 hupata kinga. Hawa 15 wanaobaki ndio wanaotajwa na majirani: "Tazameni, alichanjwa na hata hivyo ameugua!" Kwa sababu hiyo kuna chanjo ya pili, katika mwaka wa pili wa mtoto. Na kwa kuwa surua huambukiza kuliko karibu magonjwa yote, inatakiwa watoto 95 katika 100 wawe na kinga ndipo moto huu ukose kuni. Mzazi amchanjaye mwanawe amlinda pia mtoto mchanga wa jirani ambaye umri wake haujafika.

Kichupa na sanduku la baridi

Twataka sasa kusema jambo moja ambalo husababisha manung'uniko mengi. Mama ametembea saa mbili na mtoto mgongoni. Amefika, naye mwuguzi amwambia: "Rudi juma lijalo." Mama ajiona amedharauliwa, wala harudi tena.

Sababu ni hii. Chanjo ya surua huharibika kwa joto. Tangu kiwandani hata kijijini lazima ikae katika baridi ya digri 2 hata 8: katika friji, kisha katika sanduku la baridi lenye barafu, juu ya pikipiki, ndani ya mtumbwi, au begani mwa mtu. Tena hufika kama unga mkavu katika kichupa, na mara nyingi kichupa kimoja chatosha watoto 10. Mwuguzi akiisha kuuchanganya na maji yake, zimebaki saa 6 tu. Baada ya hapo yote yaliyobaki hutupwa. Basi akija mtoto mmoja peke yake, mwuguzi mwenye vichupa vichache husita kukifungua.

Twawaomba waganga na wauguzi wasimrudishe mama yeyote wanapoweza kumsaidia, maana kichupa kilichotupwa si hasara kama mtoto aliyekufa. Wakiona hawana budi kumrudisha, wamweleze sababu kwa upole na kumwandikia siku. Lakini na sisi twaweza kufanya sehemu yetu. Katika kila jumuiya ndogo ya kikristu wamo mama watatu au wanne wenye watoto wa umri ule. Wapatane, waende siku moja ya chanjo, wakiongozana na wa jumuiya ya jirani. Wakifika kumi pamoja, hakuna kichupa kitakachofungwa mbele yao. Jambo hili halihitaji fedha wala ruhusa ya mtu. Lataka tu kusemwa Dominika baada ya Misa.

Maneno ya barazani

Wengine husema: "Sindano humletea mtoto homa." Ni kweli, siku chache baada ya chanjo mtoto aweza kupata homa kidogo; hupita. Wengine: "Mtoto ana mafua, tungoje." Mafua madogo hayazuii chanjo, mwonyesheni mwuguzi, naye ataamua. Wengine wanong'ona kwamba chanjo imeletwa ili kukata uzazi. Hao wawatazame wazee wa mitaa yetu ambao mikono yao ina kovu la ndui: wamezaa, na wajukuu wao wajaza madawati ya shule. Chanjo ile haikuwakata uzazi. Ndui ndiyo iliyokatwa. Katika nchi yetu mgonjwa wake wa mwisho alionekana mwaka 1971, na mwaka 1980 dunia nzima ilitangazwa kuwa huru.

Kila mtu na kazi yake

Mama, itunze kartasi ya chanjo kama unavyotunza kadi ya ubatizo. Iweke pamoja nayo, mahali pasipofika mvua wala panya. Siku za kukumbuka ni hizi: kuzaliwa, majuma 6, majuma 10, majuma 14, miezi 9, na mwaka wa pili.

Baba, usiseme kwamba hayo ni mambo ya wanawake. Wewe ndiwe mwenye kutoa ruhusa na nauli. Siku ya hukumu hutaulizwa juu ya ng'ombe na shamba tu.

Nanyi wanafunzi, ninyi mwajua kusoma. Jioni hii ombeni kartasi ya ndugu yenu mdogo, mwisome mbele ya wazazi, mtazame ni mstari gani ulio mtupu. Huenda mkaokoa roho ya mtu kwa dakika tano za kusoma.

Makatekista na walimu, ulizeni habari za chanjo kama mnavyouliza habari za ubatizo. Msimkaripie asiyekwenda, mwongozeni.

Wako wakristu wanaofikiri kwamba kumpeleka mtoto kuchanjwa ni kukosa imani. La hasha! Yoshua bin Sira atufundisha kumheshimu mganga, kwa kuwa Mungu ndiye aliyemwumba. Na marehemu Baba Mtakatifu Fransisko, aliposema mwaka 2021 juu ya chanjo ya Covid, aliiita tendo la upendo. Tumwombe Bwana awalinde watoto wetu. Lakini tusimwombe afanye kwa mwujiza lile ambalo amekwisha kulitia mikononi mwetu.

Mtoto wa Bokenda hakuuawa na ugonjwa mgeni. Aliuawa na ule wa nyumbani. Watoto wetu wa leo wana mlango wa kufunga ambao yeye hakuupata. Basi tuufunge.