Fahamu: Industrial Area ya Doha, salama kwa nani?

Mlinzi Mkenya anayelala Industrial Area, kusini-magharibi mwa Doha, haogopi sana kuporwa simu usiku. Qatar huhesabiwa miongoni mwa nchi zenye uhalifu mdogo. Anachohofia ni pasipoti iliyofungiwa kabatini kwa mwajiri, au kushtakiwa kwamba ametoroka kazini. Sheria Na. 21 ya 2015 inakataza mwajiri kushikilia pasipoti, na faini yake hufika riyali 25,000. Ajabu ni kwamba kiasi hichohicho ndicho alichotozwa Malcolm Bidali, mlinzi Mkenya aliyekamatwa Mei 2021 baada ya kuandika mtandaoni kuhusu maisha ya wafanyakazi wahamiaji. Kima cha chini cha mshahara ni riyali 1,000 kwa mwezi. Piga hesabu mwenyewe.